Redio iliyojinyamazisha: uchambuzi wa kisa cha sauti kujizima katika studio ya Kisumu

Kisa hiki kilitokea katika redio ndogo ya mtandaoni mjini Kisumu, msimu wa mvua za masika. Mwenye redio ameniruhusu kukieleza kwa sharti kwamba nisitaje jina la kituo, mtaa, watangazaji wala familia iliyoguswa. Saa za vipindi nimezibadilisha. Mambo ya kiufundi nimeyaacha yalivyokuwa, maana hayo ndiyo yatakayomfaa fundi mwingine aliyeketi mbele ya kompyuta inayozima sauti ya programu moja na kuziacha nyingine, na kila aliyemo chumbani anaapa kwamba hakugusa kitu.

Studio yenyewe

Ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Dirisha limezibwa kwa godoro kuukuu ili honi za bodaboda zisiingie hewani. Mwenye redio ni mwalimu mstaafu na sote humwita Mwalimu. Vipindi ni vya Kidholuo na Kiswahili: bei za samaki, mahubiri, mpira, muziki wa benga na ohangla, na matangazo ya misiba.

Asiyeishi magharibi mwa Kenya huenda asijue uzito wa matangazo hayo. Mtu akifariki, redio ndiyo inayowaeleza jamaa waliotawanyika Nairobi, Mombasa na ng'ambo kwamba mwili utatoka mochari siku fulani saa fulani, msafara utapitia barabara gani, na maziko ni lini. Mara nyingi mwili hutoka Alhamisi au Ijumaa, maziko yakawa Jumamosi. Familia huleta tangazo limekwisha kurekodiwa, pengine kwa sauti ya mtoto wa kwanza wa marehemu, na watu hupanga safari kwa kulisikiliza. Tangazo la namna hiyo likipotea, kuna mtu atakayefika akakuta kaburi limefunikwa.

Watangazaji ni wawili, binti wa zamu ya asubuhi na kijana wa mchana. Mimi huitwa kunapokuwa na tatizo. Kompyuta ni moja ya mezani, ya mitumba, inayotumia Windows 10. Ilinunuliwa ikiwa na akaunti ya mwenyewe wa zamani, nao wakaendelea kuitumia hivyo hivyo bila kuifuta. Jambo hilo likumbukwe, litarudi.

Sauti ilivyopita

Studio kubwa huwa na meza ya kuchanganyia sauti yenye nyaya za kweli. Hapa meza hiyo ni programu, Voicemeeter Banana, iliyotengenezwa na VB-Audio ya Ufaransa na inayotolewa kwa mpango wa mchango, mtu hulipa anachoweza. Ukishaiweka, Windows huanza kuona spika na maikrofoni ambazo hazipo mezani. Mimi huziita milango pepe. Programu ya kuchezea muziki inadhani inatoa sauti kwenye spika, kumbe inaimimina ndani ya Voicemeeter.

Banana ina milango mitatu ya vifaa halisi na miwili pepe ya kuingilia. Ya kutokea ni A1, A2 na A3 kwa vifaa halisi, na B1 na B2 ambayo ni pepe. Tulipanga hivi. Maikrofoni iliingia mlango halisi wa kwanza kupitia kadi ya sauti ya USB. Programu ya muziki na matangazo iliingia mlango pepe wa kwanza, nao ndio uliokuwa chaguo la kawaida la Windows. Simu za wasikilizaji, zilizopokewa kwenye kompyuta, ziliingia mlango pepe wa pili, na huo uliwekwa kuwa kifaa cha mawasiliano. A1 ilikwenda kwenye hedifoni. B1 ilibeba kila kitu hadi programu ya kurusha matangazo. B2 ilirudi kwa mpigaji simu ikiwa na maikrofoni na muziki, lakini bila sauti yake mwenyewe, asije akajisikia kama mtu anayepiga kelele kisimani.

Mpango huu ni mzuri na bado nautetea. Wiki nzima tuliulaumu bure.

Jumatatu hadi Jumatano

Hadi wiki hiyo, wasikilizaji walikuwa wakipokewa kwa simu ya mkononi iliyowekwa karibu na maikrofoni. Jumatatu tulianza kuwapokea kwenye kompyuta. Siku hiyo hiyo kijana wa mchana alisasisha programu ya muziki, kwa kuwa ilikuwa ikimwomba kila akiifungua. Mambo mawili mapya yakaingia siku moja, na hakuna aliyeyaandika popote.

Jioni, mpigaji wa kwanza alipoingia, muziki wa chini ukapotea. Ulizima kabisa, haukupungua tu. Simu ilipokatwa, kijana akabofya dirisha la programu ya muziki, muziki ukarudi. Waliishi na hali hiyo usiku kucha, kisha wakaniita.

Jumanne nilifika nikiwa na mshukiwa tayari. Tangu Windows 7, mfumo huo una mazoea ya kuinamisha sauti za programu nyingine kompyuta inapoanza mazungumzo ya simu. Programu ya simu ikifungua sauti kupitia kifaa cha mawasiliano, Windows huchukulia kwamba unaongea na mtu na haitaki muziki ukusumbue. Chaguo ni manne, na yamo katika kichupo cha «Communications» kwenye dirisha la zamani la sauti: kuzima sauti zote nyingine, kuzipunguza kwa asilimia 80, kuzipunguza kwa asilimia 50, au kutofanya lolote. Windows mpya huja ikiwa kwenye asilimia 80, yaani sauti hushuka kama desibeli 14. Kwa mtu anayeongea na dada yake huo ni msaada. Kwa redio ni janga, kwa sababu programu inayoinamishwa ndiyo iliyo hewani.

Nilipofungua kichupo hicho nilikuta kimewekwa kwenye kuzima kabisa. Mwalimu hakuwahi kukigusa. Ulikuwa urithi wa mwenye kompyuta wa zamani, kwani mpangilio huu hukaa ndani ya akaunti ya mtumiaji, na akaunti ilikuwa yake. Nikaweka «Do nothing», nikafurahi, nikamwomba Mwalimu anipigie kutoka kwenye ngazi. Simu ikaita, nikapokea, muziki ukazima.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, nami nalieleza kwa kirefu kwa sababu nililifanya kwa nia njema na kwa kufuata kanuni. Nilifundishwa hivi: badilisha kitu kimoja, pima, na kama hakuna tofauti, kirudishe kilivyokuwa. Basi nikakirudisha. Moyoni nikamfuta Windows katika orodha ya washukiwa.

Jumatano nikaelekea kwa mshukiwa wa pili. Miezi kadhaa nyuma, mwanafunzi aliyekuwa pale kwa mafunzo ya kazini aliweka programu ndogo inayonyamazisha kila programu ambayo dirisha lake haliko mbele. Alikuwa na sababu nzuri. Kivinjari kilikuwa kikifungua vidio za matangazo ya biashara zenyewe, sauti ikaingia hewani katikati ya sala. Programu ile ndogo ilikuwa na orodha ya walioruhusiwa kusikika hata wakiwa nyuma, na programu ya muziki ilikuwa ndani ya orodha. Niliiona kwa macho yangu. Hata hivyo nikaifunga, nikapiga simu ya majaribio. Muziki ukazima tena.

Nikaiwasha upya, maana bila hiyo kivinjari kingeharibu kipindi cha usiku. Mshukiwa wa pili naye akaachiliwa. Nilipoteza saa mbili zaidi nikilinganisha kama vifaa vyote viko kwenye sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde au 44,100. Tofauti ya hapo huleta mikwaruzo na sauti kukatika, haizimi programu moja na kuiacha jirani yake, na mimi nalijua hilo. Niliangalia tu kwa kuwa mikono ilitaka kazi.

Tangazo la msiba

Usiku wa Jumatano mvua ilinyesha ya radi na stima ikapotea. Kompyuta haikuwa na UPS, yaani betri ya akiba ya kuishikilia stima ikipotea. Ilizimika ghafla, kijana akiwa anasoma habari kwenye kivinjari.

Alhamisi asubuhi stima ilikuwa imerudi. Binti wa zamu aliwasha kompyuta, akafungua studio, akasalimu wasikilizaji. Maikrofoni ilisikika vizuri. Saa moja na robo akatambulisha tangazo la familia moja: mwili ungetoka mochari siku hiyo hiyo saa nne asubuhi. Akabofya. Sekunde za tangazo zikaanza kuhesabu, 52, 51, 50. Taa ndogo za kijani ndani ya programu ya muziki zikawa zinapanda na kushuka kama kawaida. Kwenye hedifoni hakusikia kitu, lakini waya wa hedifoni zile ulikuwa na kidonda karibu na shina, na ilikuwa desturi yao kuupinda hadi sauti irudi. Akaupinda. Aliporidhika kwamba tatizo ni waya, tangazo lilikuwa limekwisha, naye akasema kwa sauti ya upole, «Poleni sana kwa familia.»

Hewani kulikuwa na sekunde 52 za ukimya, kisha pole.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mtoto wa marehemu. Mwalimu aliipokea akiwa amesimama. Hakujitetea. Tangazo lilirudiwa, mara hii likasomwa kwa mdomo, kisha likasomwa kila nusu saa hadi jioni bila malipo. Lakini saa nne haikungoja, na jamaa waliokuwa wakisikiliza wakiwa safarini walifika mochari msafara umeondoka. Mwalimu aliniambia, «Nyathina (mwanangu), wimbo ukikatika nitaomba radhi na kuupiga tena. Hili nitalirudishaje?» Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Kosa la pili nalo ni langu. Nilipofika nilijaribu kuelekeza programu ya muziki kwenye spika za kawaida za kompyuta badala ya mlango pepe. Ikalia vizuri. Nikairudisha kwenye mlango pepe, kimya. Kwa mtu mwenye haraka, hukumu ni wazi: mlango pepe umeharibika. Nikaondoa Voicemeeter, nikawasha kompyuta upya, nikaisakinisha tena, na redio ikakaa nje ya hewa kwa saa mbili. Iliporudi, muziki ukasikika. Nikapongezwa. Saa sita mchana mpigaji wa kwanza akaingia, muziki ukazima.

Kikokotoo

Ijumaa asubuhi nilikuta binti ameweka daftari mezani. Tangu Jumanne alikuwa akiandika kila mara sauti ilipozima: saa, alikuwa akifanya nini, na ilirudi vipi. Hakuna aliyemwomba. Jumatano alijaribu kunionyesha, nikamwambia nitaliangalia baadaye.

Mistari mingi ilisema «simu». Miwili haikusema hivyo. Mmoja ulisema, «Nimefungua kikokotoo kujumlisha pesa za matangazo, muziki umezima, hakuna simu.» Mwingine: «Nimefungua daftari la kompyuta kuandika jina la mgeni, umezima.»

Nilimwomba arudie mbele yangu. Muziki ukicheza, akafungua kikokotoo. Kimya. Akabofya dirisha la muziki. Sauti. Kikokotoo. Kimya. Alifanya hivyo mara nne, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Hakuna simu iliyofunguliwa, kwa hiyo Windows haikuwa na mazungumzo ya kuyalinda. Aliyenyamazisha ni programu ile ndogo. Nikaenda kwenye orodha yake ya walioruhusiwa na kuisoma herufi kwa herufi. Jina la faili la programu ya muziki lilikuwa pale. Kisha nikatazama jina la programu iliyokuwa inacheza wakati huo, baada ya kusasishwa Jumatatu. Lilikuwa lile lile, ila mwishoni lilikuwa limeongezewa tarakimu 64. Kwa jicho la mtu ni kitu kimoja. Kwa programu inayolinganisha majina ya faili, huyu alikuwa mgeni asiyealikwa.

Nikaifunga ile ndogo. Kikokotoo hakikuleta neno. Nikapokea simu ya majaribio, muziki ukazima. Nikabofya dirisha la muziki, mbele kabisa, simu ikiwa bado hewani: kimya. Nikakata simu: sauti. Huyo alikuwa Windows, akifanya kazi aliyoachiwa na mwenye kompyuta wa zamani.

Basi walikuwa wawili, na kila mmoja peke yake aliweza kuua sauti. Simu inapopokewa, mambo mawili hutokea kwa mpigo: dirisha la simu huja mbele na kulisukuma la muziki nyuma, na kifaa cha mawasiliano hufunguka. Jumanne nilipomfunga Windows mdomo, ile ndogo ilizima. Jumatano nilipoifunga ile ndogo, Windows ikazima. Kila nilipomkamata mmoja, mwenzake alimtolea ushahidi kwamba hayupo, nami nikamwachilia.

Ukimya wa Alhamisi ulikuwa mabaki yao. Windows hukumbuka sauti na unyamavu wa kila programu, na hukumbuka kwa kila kifaa mbali mbali. Stima ilipopotea, programu ya muziki ilikuwa nyuma ya kivinjari, imenyamazishwa. Ile ndogo haikupata nafasi ya kuifungua mdomo. Asubuhi Windows ikaamka na kumbukumbu hiyo, na ile ndogo, ilipokuta programu imekwisha kunyamazishwa kabla yenyewe haijawaka, ikadhani ni mtu aliyefanya hivyo kwa makusudi, ikaiheshimu. Spika za kawaida hazikuwa na kumbukumbu hiyo, ndiyo maana huko ililia. Nami niliposakinisha Voicemeeter upya, kumbukumbu ya mlango wa zamani ilikosa pa kushika. Dawa ilifanya kazi kwa sababu isiyokuwa ile niliyoidhani.

Tulichoamua

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuiondoa ile programu ndogo kabisa. Kijana alipendekeza tuongeze jina jipya kwenye orodha na kuendelea. Lingekuwa jambo la dakika moja. Nilikataa, kwa sababu sasisho lijalo lingebadilisha jina tena, na redio ingelijua hilo kwa kunyamaza hewani. Programu inayozima kila kitu isipokuwa waliotajwa inafaa kwa mtu anayecheza michezo ya kompyuta nyumbani. Chumba cha matangazo kinataka kinyume chake.

Lakini tatizo la kivinjari lilikuwa la kweli, na mwanafunzi yule alistahili jibu bora kuliko alilolipata wakati ule. Jibu lilikuwa njia. Tangu toleo la Windows 10 la Aprili 2018, kila programu inaweza kuchaguliwa kifaa chake cha kutolea sauti katika mipangilio ya sauti. Tukakielekeza kivinjari kwenye spika ndogo za kompyuta, ambazo hazina uhusiano wowote na Voicemeeter. Tangazo la biashara likifunguka lenyewe, litasikika chumbani na kumkera mtangazaji, lakini halina barabara ya kufika B1.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuweka «Do nothing» na kuiacha hapo. Muziki kuinama chini ya sauti ya mpigaji tunautaka, ila auinamishe mtangazaji kwa mkono wake kwenye mlango pepe wa kwanza wa Voicemeeter, ambako anaona alichofanya.

Kabla ya yote hayo tulifuta kumbukumbu za zamani. Katika ukurasa ule ule wa sauti za programu kuna kitufe cha kurudisha kila kitu mwanzo. Mpangilio wa hatua hapa una maana: kitufe hicho hufuta unyamavu uliokwama na hufuta pia njia ulizozichagua, kwa hiyo tulikibonyeza kwanza ndipo tukapanga njia. Ukifanya kinyume utapanga mara mbili, na mara ya pili utakuwa umechoka.

Mwisho tukaondoa akaunti ya mwenye kompyuta wa zamani na kufungua mpya ya studio. Kazi hiyo ilichukua nusu ya Jumamosi, kwa kuwa mipangilio mingi hukaa ndani ya akaunti na ilibidi ipangwe tena. Mwalimu aliuliza kama ni lazima. Nilimwambia kwamba tumekwisha kukuta kitu kimoja alichotuachia mtu tusiyemjua, na sitaki kukutana na cha pili siku ya msiba.

Matokeo

Tangu hapo muziki haujazima wakati wa simu. UPS ndogo ilinunuliwa, ya kutosha dakika chache za kufunga kompyuta kwa utaratibu. Hedifoni zenye kidonda zilitupwa siku ile ile, na naona hilo lilikuwa na uzito sawa na mengine yote, maana zilimzoeza binti kutoamini masikio yake.

Kuna shida moja ambayo haijaisha. Katika Voicemeeter, kifaa kilichowekwa A1 ndicho kinachoongoza mwendo wa mashine nzima. Hedifoni za A1 zimechomekwa kwenye kadi ya USB, kwa hiyo kadi ikichomoka hata kidogo, A1 hupotea na sauti yote hukwama, na ni lazima kuingia kwenye menyu na kuwasha upya injini ya sauti. Kwa sasa waya wa USB umefungwa kwenye mguu wa meza kwa mpira mweusi wa tyubu ya baiskeli, na binti amefundishwa hatua za menyu. Si suluhisho kamili.

Kilichofanya kazi na kilichonishinda

Kanuni ya kubadilisha kitu kimoja na kukirudisha ni nzuri pale ambapo kosa ni moja. Panapokuwa na visababishi viwili, na kila kimoja kinatosha, kanuni hiyo inakuahidi kwamba hutakamata hata kimoja. Ningeanza upya leo, ningezima washukiwa wote kwa pamoja, Windows na ile ndogo na chochote kingine chenye mamlaka ya kunyamazisha, nihakikishe muziki unasikika chini ya simu, kisha nirudishe mmoja mmoja. Saa moja ingetosha. Ishara nayo ilikuwepo na niliipita: jioni ya Jumatatu kijana alisema sauti ilirudi alipobofya dirisha la muziki. Windows inapoinamisha sauti haijali dirisha lipi liko mbele, inajali kama simu imefunguliwa. Neno lile «alipobofya» lilikuwa jina la mshukiwa wa pili, nami nilikuwa nikimsikiliza wa kwanza tu.

Kupima kwa kupitia spika nyingine lilikuwa jaribio zuri lililosomwa vibaya. Jaribio lilisema, «Hapa kuna tofauti kati ya vifaa viwili.» Mimi nilisikia, «Kifaa hiki kimekufa.» Kabla ya kung'oa kitu chochote, ilinipasa kufungua kichanganyio cha sauti cha Windows na kutazama kama programu ya muziki ina alama ya kunyamazishwa kwenye mlango ule. Ilikuwa nayo tangu asubuhi.

Taa za kijani zilizomdanganya binti nazo zinahitaji kuelezwa kwa kila mtangazaji. Taa zilizo ndani ya programu ya muziki hupima sauti kabla haijafika mikononi mwa Windows. Zitacheza ngoma hata kama programu imezibwa mdomo mlangoni. Taa za B1 kwenye Voicemeeter zinapima kile kinachokwenda kwa msikilizaji, hivyo ndizo za kutazamwa tangazo linapochezwa. Sasa ukurasa wa kwanza wa daftari la binti una mstari unaosema kila asubuhi, kabla ya salamu, tangazo la sekunde kumi lipigwe na taa za B1 zitazamwe, kisha kikokotoo kifunguliwe na zitazamwe tena.

Daftari lenyewe ndilo lililotuokoa, na niliambiwa habari zake siku mbili kabla sijalisoma. Ningelifungua Jumatano mchana, programu ile ndogo ingekuwa imeondolewa kabla ya mvua kunyesha, kompyuta ingezimika bila kumbukumbu ya unyamavu, na saa moja na robo ya Alhamisi familia ile ingemsikia mtoto wao akisema mwili unatoka saa nne. Nilimwambia binti hivyo mbele ya Mwalimu. Siku hizi nikifika, huanza kwa kuniwekea daftari mezani, nami husoma kabla sijaketi.